Baada ya kuongeza matiti: uanze na miguu, baiskeli, bahari au vyuma?

Baiskeli ya mdogo wangu, binti wa mama yangu mdogo, imeegemea ukuta wa uani kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, wiki ya tano sasa. Alifanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti Dar es Salaam, akaja kuuguzwa kwangu, maana nami nilipita njia hiyo miaka minne iliyopita baada ya kunyonyesha watoto watatu. Kila asubuhi akishamaliza chai anaitupia jicho ile baiskeli, halafu ananigeukia: "Dada, leo je?"

Namjibu bado. Juzi alizichoka "bado" zangu. "Basi nipe hesabu kamili," akaniambia. "Shoga zangu wa jimu wananiita, wanasema nikafanye mazoezi ya miguu tu. Mama anasema nikaoge maji ya chumvi, yanakausha kidonda. Wewe unanitembeza barabarani kama mgonjwa. Nishike lipi?"

Ana haki ya kuuliza. Karatasi aliyotoka nayo hospitali imeandikwa "asifanye mazoezi mazito kwa wiki 6", basi. Uzito wa mazoezi unapimwaje? Kupanda baiskeli mpaka sokoni ni zito? Kukuna nazi je? Nimemwandikia hesabu hiyo, na naiweka hapa kwa mwanamke mwingine yeyote wa Tanga aliyekaa kitandani na swali hilo hilo. Mimi si daktari. Daktari aliyekushona ndiye anayekijua kifua chako, na akisema tofauti na mimi, mfuate yeye.

Kilichofanyika kifuani

Kipandikizi ni kifuko cha silikoni chenye jeli ya silikoni au maji ya chumvi ndani yake. Ukiwa umelala kwa nusu kaputi, daktari anachana, mara nyingi kwenye mkunjo ulio chini ya ziwa, wakati mwingine kandokando ya weusi wa chuchu au kwapani, anafungua nafasi na kukiingiza. Vya kwanza vya silikoni viliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962. Leo madaktari wana njia mbili kuu. Kuna kukiweka juu ya msuli wa kifua, nyuma ya ziwa lenyewe. Na kuna kukiweka chini ya msuli, yaani ule msuli mpana unaotoka mfupa wa kidari kwenda begani unainuliwa na kipandikizi kinalala nyuma yake. Wengi hupata mchanganyiko: sehemu ya juu imefunikwa na msuli, ya chini imefunikwa na ziwa.

Tofauti hii ndiyo inayoamua mengi. Kikiwa chini ya msuli, kila unaposukuma, unapovuta au unapojiinua kwa mikono, msuli unakaza na kukibana. Mwili nao unajenga utando wa kovu kukizunguka, jambo la kawaida kabisa, lakini wiki za mwanzo utando huo bado ni mchanga na nafasi haijashikamana. Kikisukumwa mno kinaweza kuhama mahali pake.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, muulize daktari: "Changu kiko juu ya msuli au chini?" Mdogo wangu alikuwa hajui. Tulipiga simu, tukajibiwa: chini.

Vipimo nilivyotumia

Njia zote nne nimezipitisha kwenye vipimo vile vile. Cha kwanza ni kifua: zoezi linaudai nini msuli na mikono? Cha pili ni mtikisiko, yaani ziwa linaruka kiasi gani. Cha tatu ni kidonda, maana kuna maji, jasho na jua. Cha nne ni moyo: ukienda mbio presha inapanda, na mishipa midogo iliyoziba juzi inaweza kuvuja upya. Cha tano ni Tanga yenyewe: joto letu, barabara zetu, mfuko wako, na uwezekano wa kuanguka. Mwisho wa kila njia nasema inamfaa nani.

Muda ninaoutaja ni ule unaotolewa na madaktari wengi kwa mtu anayepona bila matatizo. Ukivuta sigara, una kisukari au ulipata maambukizi, hesabu yako ni nyingine.

Kutembea

Kifua: hakidaiwi kitu, maadamu mikono iko mitupu. Mkoba begani au kapu mkononi vinaibadilisha hesabu.

Mtikisiko: mdogo, ukivaa sidiria uliyopewa hospitali au ya michezo inayofungwa mbele, isiyo na waya. Wengi huambiwa waivae usiku na mchana kwa wiki 4 mpaka 6.

Kidonda: adui hapa ni jasho. Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, saa 2 asubuhi mgongo umeshalowa, na ule mkunjo chini ya ziwa wenye mshono ndio unaotunza unyevu kuliko mahali pengine popote. Ngozi inalainika, vipele vinatoka. Uwe na sidiria mbili au tatu, ubadilishe ukirudi tu, na ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi bila kusugua.

Moyo: kasi unaiamua mwenyewe.

Hili ndilo zoezi pekee linaloanza siku ile ile. Wauguzi wanakuinua kitandani kwa sababu maalumu: miguu ikilala muda mrefu damu inaweza kuganda kwenye mishipa yake, na donge hilo likisafiri mpaka mapafuni linaua. Ndiyo maana hata safari ya kurudi kutoka Dar, karibu kilomita 350, nilitaka dereva asimame mara mbili mdogo wangu ashuke anyooshe miguu. Mkanda wa gari tuliuwekea kanga iliyokunjwa mara nne usimkate kifuani.

Tanga: gharama ni raba tu. Sisi wa Ngamiani tuna bahati nyingine, barabara zetu zimenyooka na zina namba, kwa hiyo huhitaji saa wala simu kujipima. Wiki ya kwanza tulizunguka uani. Ya pili tulivuka barabara mbili, tukarudi. Ya tatu tano. Sasa anavuka nane kwa mwendo wa haraka na bado ana pumzi ya kugombana nami. Tunatoka saa 12 na nusu, kabla bodaboda hazijachangamka.

Kuna jambo moja nililisahau kumwonya. Huwezi kutembea Ngamiani bila kukumbatiwa. Siku ya kumi na mbili shangazi mmoja wa mtaani alimvuta kifuani kwa furaha, na mtoto wa watu akatokwa machozi, naye shangazi akidhani ni machozi ya kuonana. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia unakaa kifuani akisalimia, "Shikamoo shangazi," na kichwa kinainama kidogo. Inaonekana ni adabu, na siri yake inabaki kwake.

Inamfaa kila mtu wiki 3 za mwanzo, bila ubaguzi. Baada ya hapo inamfaa zaidi anayetaka kupona bila kubahatisha. Aliyezoea kasi itamchosha roho mapema, na si uvivu akisema haimtoshi.

Baiskeli

Huu ni mji wa baiskeli. Mwanamke mwenye buibui juu ya baiskeli, kapu la samaki mbele, ni jambo la kila siku hapa, na kwa wengi wetu si mazoezi bali ni usafiri. Kumwambia mwanamke wa Tanga asipande baiskeli wiki 6 ni kumwambia atafute nauli ya wiki 6. Kwa hiyo njia hii nataka kuiangalia kwa utulivu.

Kifua: yote yanategemea ulivyokaa. Baiskeli ya kike yenye usukani wa juu inakukalisha wima, mikono imepumzika tu. Yenye usukani wa chini inakulaza mbele, uzito wa mwili unahamia viganjani, na msuli wa kifua unakaza safari nzima. Halafu kuna kazi ambayo watu hawaihesabu. Zile Phoenix za chuma zinakaribia kilo 20. Kuipandisha kibarazani, kuigeuza kwenye ujia mwembamba, kuizuia isianguke ikiwa na mzigo kwenye karia, vyote hivyo vinakidai kifua kuliko kuiendesha.

Mtikisiko: kwenye lami nzuri ni mdogo kuliko wa kutembea haraka. Kwenye matuta na mashimo mikono ndiyo inayopokea kila pigo.

Kidonda: upepo unakausha jasho, na hapo baiskeli inaishinda miguu. Jua tu ndilo la kujihadhari nalo, kama kovu liko mahali linapofikiwa.

Moyo: mji wetu ni tambarare, unaweza kwenda taratibu kabisa. Ila mwezi wa Juni na Julai kusi ikivuma, ukielekea upande unaotoka upepo utapumua kama unapanda mlima Usambara. Chagua njia ya ndani yenye nyumba.

Tanga: hatari yenyewe ni kuanguka. Bodaboda inachomoka, mbuzi anakatiza, na mwili wa binadamu ukianguka unatanguliza viganja. Kwa nukta hiyo moja uzito wako wote unapita kwenye misuli ya kifua. Hii ndiyo sababu hasa ya kusubiri. Miguu kuzungusha pedali haikidhuru kipandikizi, ndiyo maana baiskeli ya mazoezi iliyosimama inaruhusiwa mapema, wiki ya 3 au ya 4, ukikaa wima bila kuuegemea usukani. Ya barabarani wengi huambiwa wiki ya 6.

Siku ukiruhusiwa, usipande kwanza. Ishike kando, tembea nayo, kisha fanya mambo matatu: kaza breki zote mbili ghafla, kata usukani kwa nguvu kulia na kushoto, na ugeuke uangalie nyuma juu ya bega. Ukikunja uso kwa lolote kati ya hayo, hujawa tayari, hata kalenda ikisema nini. Mwezi wa kwanza karia iwe tupu, asikae mtoto wala mfuko wa unga. Na usijidanganye kwamba kupakiwa kwenye bodaboda ni afadhali. Shimo halimchagui dereva na abiria.

Inamfaa mwenye baiskeli ya kukaa wima, anayeishi kwenye lami, na ambaye safari zake ni fupi na za asubuhi. Wa kupita barabara ya vumbi yenye mashimo kila siku, aongeze wiki mbili na asione haya.

Kuogelea

Kifua: hapa ndipo watu wanapokosea. Maji yanaubeba mwili, tunadhani ni mapumziko. Lakini kila mkono unaporushwa mbele na kuvuta maji, kazi hiyo inafanywa na msuli wa kifua ule ule. Mtindo wa chura nao unasukuma maji kwa kifua. Na ukitoka, unajivuta kwa mikono kwenye ngazi au boti.

Mtikisiko: hakuna njia iliyo pole kama hii. Kwa mwenye maumivu ya mgongo au magoti, kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni ni nafuu kubwa, wakati wake ukifika.

Kidonda: mama yangu mdogo anaposema maji ya chumvi yanakausha, anayasema aliyoambiwa na mama yake, na nia yake ni njema. Nilimjibu hivi: "Mama, maji ya chumvi ya hospitali yametengenezwa yasiwe na kijidudu hata kimoja. Ya pwani yetu ya Raskazone yana samaki, yana mafuta ya boti, yana yote yaliyoshuka na mvua ya masika." Maji ya bahari yenye joto kama ya kwetu yana bakteria wanaopenda kidonda kilicho wazi. Kwa mtu mwenye kipandikizi kosa hilo ni zito zaidi, kwa sababu kipandikizi hakina damu inayopita ndani yake. Kijidudu kikijishikiza pale, dawa inapita kando tu bila kukifikia vizuri, na mara nyingi kipandikizi kinalazimika kutolewa. Bwawa lenye klorini nalo si ruhusa. Mshono uwe umefunga wote, hakuna gamba, hakuna unyevu, na daktari ameuona kwa macho yake. Kwa wengi hiyo ni kati ya wiki ya 4 na ya 6.

Moyo: unafanya kazi bila joto la mwili kupanda sana. Kwa hali ya hewa yetu hii ni sifa kubwa.

Tanga: bahari ya ndani ya ghuba kwa kawaida ni tulivu. Angalia maji. Siku za bamvua yanakupwa mbali, unatembea kwenye tope na mawe yanayoteleza, na kuanguka ni kule kule nilikokueleza kwenye baiskeli. Ingia yakiwa yamejaa. Nguo nayo iangalie: wengi wetu tunaingia na dera, na dera likilowa linakuwa zito, linavuta mabega chini kila unapoinuka. Suruali ya kubana na blauzi nyepesi ya mikono mirefu inasitiri na haivuti, na tena inafunika kovu. Ngozi nyeusi inapenda kuacha alama, na kovu changa likipigwa na jua linakuwa jeusi zaidi, kwa hiyo lifunike mwaka mzima wa kwanza. Kama familia yenu ina watu wanaotoka makovu manene yaliyoinuka, mwambie daktari mapema. Yanatibika vizuri zaidi yakiwa bado madogo.

Wiki ya 6 ukiruhusiwa, tembea ndani ya maji, piga miguu ukiwa umeshika ukingo. Kuogelea kwa mikono kusubiri wiki ya 8, na kwa aliyewekewa chini ya msuli hata ya 12.

Inamfaa mwenye subira aliyepona ngozi kabisa, na mwenye viungo vinavyouma. Kwa mwezi wa kwanza haimfai yeyote.

Jimu na mchakamchaka

Nitapita haraka, maana hapa maelekezo ya madaktari yako wazi kuliko kwengine.

Kifua: faida ya jimu ni kwamba unaweza kuchagua kiungo. Hasara ni kwamba "miguu tu" huwa si miguu tu. Unachuchumaa ukiwa na chuma mabegani, unasukuma mashine kwa miguu huku umekamata mishikio kwa nguvu zote, na sahani za uzito umezipakia kwa mikono ile ile uliyoambiwa uipumzishe. Miguu bila vyuma, wiki ya 3 au ya 4. Vyuma vyepesi vya mikono, baada ya wiki ya 6. Pushapu na mazoezi ya kifua, wiki ya 8 mpaka ya 12. Wenye vipandikizi chini ya msuli, wengine hushauriwa wasirudi kabisa kwenye vyuma vizito vya kifua, kwani ziwa linajikunja msuli unapokaza.

Mtikisiko: mashine ya kutembelea haina neno. Kukimbia ndiko kunakorusha ziwa sana, na kipandikizi cha mililita 300 ni karibu gramu 300 zilizoongezeka kila upande. Mchakamchaka wa alfajiri na wenzako usubiri wiki ya 6, na sidiria iwe imara kweli.

Kidonda: tandika taulo lako kwenye benchi.

Moyo: usizuie pumzi unaponyanyua. Presha inaruka ghafla.

Tanga: kuna ada ya mwezi, lakini kuna feni, sakafu sawa, hakuna bodaboda, na kuna mkufunzi wa kukuangalia. Mweleze ukweli, au angalau mwambie umefanyiwa upasuaji wa kifua. Mkufunzi asiyejua atakuhimiza uongeze.

Inamfaa aliyekuwa na nidhamu ya mazoezi tangu awali na anayeweza kusema hapana mbele ya wenzake. Hilo la pili si dogo.

Mazoezi tusiyoyaita mazoezi

Hapa nina deni la kusema yaliyonipata. Wiki ya tatu baada ya upasuaji wangu ilikuwa Ramadhani. Sikuwa nimegusa baiskeli, jimu siijui, nilijiona mtiifu. Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kufuturu, binti yangu amechelewa shule, nikaketi kwenye mbuzi nikakuna nazi mwenyewe. Moja, kisha nusu ya pili.

Liangalie lile tendo kwa karibu. Umeinama mbele. Kifuu kimejaa viganjani, unakikandamiza kwenye meno ya mbuzi, unakizungusha, unakivuta. Mikono iko mbele ya kifua na inabana kwenda ndani. Kazi hiyo inaudai msuli wa kifua kama zoezi la kifua la jimu. Mpaka wakati wa isha ziwa la kulia lilikuwa limekaza na kuwa zito kuliko la kushoto. Kesho yake picha ya altrasaundi ilionyesha maji kidogo yamejikusanya kuzunguka kipandikizi. Nilipumzishwa wiki mbili nzima, yakanyonywa na mwili yenyewe. Nilipona, lakini zile siku za kungoja nilizikaa kwa hofu ambayo sitaki mwingine aijue.

Kwa hiyo chochote utakachochagua hapo juu, kazi za nyumbani zipitishe kwenye vipimo vile vile. Wengi huambiwa wasinyanyue zaidi ya kilo 2 mpaka 5 wiki za mwanzo. Chupa tatu za maji za lita moja na nusu ni kilo 4 na nusu, mpaka wako ndio huo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kukamua shuka, kusonga ugali wa watu wengi, kutwanga, kuinua mtoto kutoka sakafuni: vyote vinangoja wiki ya 6. Mtoto akikutaka, keti kwanza, apande mwenyewe mapajani.

Nywele zisukwe kabla ya upasuaji, maana mikono haitafika kichwani kwa raha wiki mbili. Dera linavaliwa kichwani, liweke kando. Vaa blauzi ya vifungo au buibui la kufunguka mbele, na kanga ifungwe kiunoni, isikazwe kifuani. Kwenye sala, sijda inakuinamisha na kukuegemeza kwenye viganja. Dini imempa nafasi asiyeweza kusujudu, sali kwenye kiti mpaka mwili ukubali.

Dalili za kuacha kila kitu

Ziwa moja likivimba ghafla kuliko lingine, likakaza na kuuma, hasa siku mbili za mwanzo au baada ya kujitumikisha. Wekundu unaosambaa, joto, usaha, homa. Mshono kuachia. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi kukata na kifua kuchoma. Kwa hayo usipange safari ya kurudi Dar kwa aliyekupasua. Nenda dharura hospitali ya karibu, Bombo au nyingine, na daktari wako mpigie ukiwa njiani. Waonyeshe kadi ya vipandikizi uliyopewa, ina aina na namba yake.

Kwa hali yako

Kama uko ndani ya wiki 3, kutembea tu. Ukiboreka, ongeza mara za kutoka, si kasi.

Kama uko wiki ya 3 mpaka ya 6 na roho inakuunguza, tembea kwa haraka, au tafuta jimu yenye baiskeli iliyosimama. Kama huna pesa ya ada, vuka barabara mbili zaidi.

Kama baiskeli ndiyo usafiri wako wa kazini, panga nauli ya wiki 6 kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji. Iingize kwenye bajeti pamoja na dawa.

Kama una watoto wadogo na huna msaidizi, usitafute zoezi kwanza, tafuta mtu. Ndugu, mpwa, jirani wa kuchota maji na kukuna nazi kwa mwezi na nusu. Ukimpata, kutembea kunatosha.

Kama una kipandikizi juu ya msuli na mshono umefunga vizuri, bahari na vyuma vyepesi vinaweza kukufungukia mapema kuliko wenzako. Kama kiko chini ya msuli, miguu na baiskeli zitangulie, mikono ije nyuma kabisa.

Kama kovu lako linachelewa kukauka kwa joto hili, bahari iwe ya mwisho hata kama mengine yote umesharuhusiwa.

Na kama uko kama mdogo wangu, wiki ya tano, kipandikizi chini ya msuli, mshono mkavu, baiskeli ya kike ukutani na miadi ya daktari wiki ijayo: endelea na barabara nane za asubuhi. Jumamosi naipeleka baiskeli kwa fundi apandishe usukani na kukaza breki. Nitaiburuta mimi, yeye atatembea pembeni yangu, mikono mitupu.